Udhamini Unapofikia Mwisho: Namna Unavyofungwa na Uwajibikaji wa Mdhamini Aliyekiuka Wajibu Wake

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Neno "mdhamini" limezoeleka kwa maana ya mtu anayemwekea mwenzake dhamana mahakamani au anayesaini fomu ya mkopo wa jirani yake. Katika sheria ya mali neno hilo lina maana nyingine. Mdhamini ni mtu aliyekabidhiwa mali, jina lake likaandikwa kwenye hati au kwenye akaunti ya benki, lakini kwa sharti kwamba aishike na kuiendesha kwa faida ya watu wengine au kwa ajili ya lengo maalumu. Watu hao huitwa wanufaika, na aliyetoa mali hiyo huitwa mwanzilishi wa udhamini.

Nyumba iliyoachwa kwa ajili ya watoto ambao bado wako shuleni, kiwanja cha kanisa au cha msikiti, shule ya jumuiya, na fedha zilizochangwa kwa ajili ya masomo ya yatima ni mifano ya mali zinazoweza kuwa chini ya udhamini. Katika kila mfano mwenye jina kwenye hati siye anayestahili kula matunda ya mali, na hapo ndipo penye nguvu na penye hatari ya udhamini.

Makala haya yanaeleza namna udhamini unavyofikia mwisho, na kile kinachompata mdhamini aliyekwenda kinyume na masharti. Jambo la msingi ambalo mwananchi anapaswa kulishika ni kwamba kwisha kwa udhamini hakufuti deni la mdhamini. Mdhamini hajatoka katika wajibu wake mpaka awe ameikabidhi mali kwa anayestahili na kuitolea hesabu.

Sheria zinazohusika

Kwa Tanzania Bara, usajili wa bodi za wadhamini unasimamiwa na Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019. Msimamizi wake ni Kabidhi Wasii Mkuu, kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ulio chini ya Wizara ya Katiba na Sheria. Bodi ikisajiliwa hupata hadhi ya kisheria: huwa na lakiri yake, huweza kumiliki mali kwa jina lake, kushitaki na kushitakiwa, na huendelea kuwepo hata wajumbe wake wanapobadilika.

Sehemu kubwa ya kanuni zinazogusa mwenendo wa mdhamini, hata hivyo, haimo katika sheria hiyo. Inatokana na kanuni za usawa zilizokuzwa na mahakama za Uingereza. Kanuni hizo zinatumika nchini kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, iliyopokea kanuni na sheria za Uingereza zenye matumizi ya jumla zilizokuwepo tarehe 22 Julai, 1920, kwa kadiri mazingira ya nchi yanavyoruhusu na pale ambapo hakuna sheria ya Tanzania inayoelekeza vinginevyo. Ndiyo maana mashauri ya karne ya 18 na 19 yaliyotajwa katika makala haya bado yana uzito.

Kwa upande wa Zanzibar, ambako kuna mfumo wake wa sheria, wakfu na mali za amana husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakfu una misingi yake katika sheria ya Kiislamu na kwa asili hukusudiwa kudumu. Hivyo maelezo yanayofuata kuhusu namna udhamini unavyokwisha yasichukuliwe kuwa yanauhusu.

Namna udhamini unavyokwisha

Njia ya kwanza ni kutimia kwa masharti ya hati. Mwanzilishi anaweza kuelekeza kwamba udhamini udumu mpaka mtoto wa mwisho atimize umri fulani, mpaka mjane wake afariki dunia, au mpaka jengo fulani likamilike. Tukio hilo likitokea, kazi ya mdhamini inabaki kuwa moja tu: kugawa au kukabidhi mali kama ilivyoelekezwa.

Njia ya pili ni uamuzi wa wanufaika wenyewe. Iwapo wanufaika wote wamefikia umri wa utu uzima, ambao nchini ni miaka 18, wana akili timamu, na kwa pamoja wana haki juu ya mali yote, wanaweza kumtaka mdhamini awakabidhi mali na kuufunga udhamini, hata kama muda uliowekwa na mwanzilishi haujafika. Kanuni hii inatokana na shauri la Saunders dhidi ya Vautier, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1841. Marehemu alikuwa ameacha hisa zake, akaelekeza faida yake ilimbikizwe mpaka mnufaika atimize miaka 25. Mnufaika alipofikisha miaka 21, uliokuwa umri wa utu uzima wakati huo, alidai apewe mali yake, na mahakama ikakubali, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine mwenye haki juu ya mali hiyo.

Kanuni hiyo ina mpaka wake. Mnufaika mmoja akiwa mtoto mdogo, au kukiwa na uwezekano wa kuzaliwa wanufaika wengine waliotajwa katika hati, watu wazima waliopo hawawezi kuamua peke yao. Makubaliano yanayomwacha mtoto nje hayamlindi mdhamini aliyeyatii.

Njia ya tatu ni mwanzilishi kuutengua udhamini. Hili linawezekana ikiwa tu alijiwekea mamlaka hayo katika hati tangu mwanzo. Asipojiwekea, mali ikishakabidhiwa kwa mdhamini kwa masharti ya udhamini si yake tena, na hawezi kuidai kwa sababu tu amebadili nia.

Njia ya nne ni mali yenyewe kwisha, ama kwa kutumika yote kihalali au kwa kuharibika. Mali iliyopotea kwa uzembe wa mdhamini haihesabiki hapa: deni lake la kuirejesha huchukua nafasi ya mali iliyopotea.

Njia ya tano ni amri ya mahakama. Mahakama inaweza kuubatilisha udhamini ulioanzishwa kwa lengo lisilo halali, usioeleweka ni mali gani au wanufaika gani wanaohusika, au ulioundwa ili kuwakwepa wadai.

Kuhusu udhamini wa hisani, yaani ule wa elimu, dini, kuondoa umaskini au manufaa mengine ya umma, hali ni tofauti kidogo. Huo unaweza kudumu bila kikomo. Lengo lake likishindikana, kwa mfano zahanati iliyokusudiwa haiwezi tena kujengwa mahali pale, mahakama inaweza kuelekeza mali itumike kwa lengo jingine lililo karibu kabisa na lile la mwanzo. Katika udhamini wa kawaida lengo likishindikana, mali iliyobaki kwa kawaida humrudia mwanzilishi au huingia katika mirathi yake. Katika hali zote mbili mdhamini hapati haki ya kujichukulia masalia.

Mambo yasiyomaliza udhamini

Kuna mambo matatu ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa yanamaliza udhamini, ilhali sivyo.

Kifo cha mdhamini ni la kwanza. Sheria haiuachi udhamini ufe kwa kukosa mdhamini. Mwingine huteuliwa kwa utaratibu uliowekwa katika hati au na mahakama. Mali hiyo haiingii katika mirathi ya mdhamini aliyefariki kama mali yake binafsi, wala warithi wake hawawezi kugawana nyumba kwa hoja kwamba hati ilikuwa na jina la baba yao.

La pili ni kujiuzulu. Mdhamini anayejiuzulu kwa utaratibu hawajibiki, kwa kawaida, kwa makosa yatakayofanywa na wenzake baadaye, lakini anaendelea kuwajibika kwa yale yaliyotokea wakati wake. Na akijiuzulu ili kuwapisha wengine wafanye kosa analolijua, kujiuzulu huko hakumwokoi.

La tatu ni mgogoro ndani ya taasisi au kufutwa kwa usajili wa bodi. Cheti ni chombo cha kuishikia mali. Mali iliyotolewa na waumini au wanajumuiya haigeuki kuwa ya wajumbe wa bodi kwa sababu chombo hicho kimeondolewa.

Hatua za kuufunga udhamini

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mdhamini anayetaka kutoka salama hana budi kufunga kazi yake kwa maandishi, kwa mpangilio ufuatao:

1. Kuthibitisha kwa hati kwamba tukio la kumaliza udhamini limetokea na kuwatambua wanufaika wote wanaostahili.
2. Kuorodhesha mali zote: ardhi, majengo, fedha benki, hisa, na madai ambayo udhamini unawadai wengine.
3. Kulipa madeni, kodi na gharama halali kabla ya kugawa chochote.
4. Kuandaa hesabu za kipindi chote, zikionesha mapato, matumizi na vielelezo vyake.
5. Kuhamisha miliki kisheria. Kwa ardhi iliyosajiliwa, kukabidhi funguo hakutoshi. Uhamisho lazima usajiliwe kwa Msajili wa Hati.
6. Kupata kwa maandishi uthibitisho wa wanufaika kwamba wamepokea mali na kuridhika na hesabu. Palipo na ubishani, mdhamini aiombe mahakama mwongozo kabla ya kugawa.

Kwa bodi iliyosajiliwa, hatua hizi huendana na kuiarifu RITA. Bodi zinatakiwa pia kuwasilisha marejesho na kutoa taarifa za mabadiliko ya wajumbe wakati wote wa uhai wake, na bodi iliyofanya hivyo kila mara huwa na kumbukumbu tayari siku ya kufunga.

Msimamizi wa mirathi ana wajibu unaofanana na huu. Chini ya Sheria ya Mirathi na Usimamizi wa Mali za Marehemu, Sura ya 352, anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6 tangu kuteuliwa, na hesabu za usimamizi ndani ya mwaka 1, isipokuwa mahakama imeongeza muda.

Ukiukaji wa udhamini ni nini?

Mdhamini anakiuka udhamini anapofanya jambo ambalo hati au sheria inamkataza, au anaposhindwa kufanya analolazimika kulifanya. Si lazima awe mwizi. Kukopeshana fedha za udhamini bila mamlaka, kumlipa asiyestahili, kuchanganya fedha za udhamini na zake, kukataa kutoa hesabu, kuiacha nyumba ibomoke, na kuchelewa kuuza mali iliyotakiwa kuuzwa, yote ni ukiukaji.

Ucheleweshaji una mfano mzuri katika shauri la Fry dhidi ya Fry la mwaka 1859. Wadhamini waliagizwa kuuza nyumba ya wageni iliyokuwa kando ya barabara. Walikataa pauni 900 wakisubiri 1,000. Baadaye reli ikajengwa, wasafiri wakaiacha barabara, na nyumba ikakosa mnunuzi. Wadhamini hawakuwa wamechukua hata senti moja, lakini walitakiwa kufidia upungufu.

Kosa jingine ni mdhamini kujinufaisha kwa nafasi yake. Katika shauri la Keech dhidi ya Sandford la mwaka 1726, mdhamini alishikilia mkataba wa pango la soko kwa niaba ya mtoto. Mwenye soko alikataa kumwongezea mtoto mkataba, mdhamini akauchukua kwa jina lake mwenyewe. Mahakama iliamua kwamba mkataba huo na faida yake ni mali ya mtoto, ingawa mtoto asingeweza kuupata kwa njia nyingine. Ukali huo ni wa makusudi: ukiachwa mwanya mdogo, kila mdhamini atapata sababu ya kusema kwamba fursa ilikuwa yake.

Kwa upande mwingine, mdhamini si bima dhidi ya kila hasara. Anatakiwa kuwa na uangalifu wa mtu makini anayeendesha shughuli zake mwenyewe. Katika shauri la Speight dhidi ya Gaunt la mwaka 1883, mdhamini alimkabidhi dalali wa hisa pauni 15,000 kwa utaratibu wa kawaida wa biashara, dalali akazitumia kwa faida yake. Mahakama ya juu iliona mdhamini hakukosea, hivyo hakuwajibika.

Anawajibika kwa kiasi gani?

Lengo la fidia ni kuurudisha udhamini mahali ambapo ungekuwa kama kosa lisingetendeka. Mdhamini aliyechukua fedha atazirejesha pamoja na riba kwa kadiri mahakama itakavyoona. Aliyeuza kiwanja bila mamlaka anaweza kutakiwa kukirudisha au kulipa thamani yake. Aliyepata faida ataikabidhi yote, hata kama wanufaika hawakupata hasara.

Aidha, mdhamini hawezi kufidia hasara ya kosa moja kwa faida ya kosa jingine. Tuchukue mfano. Mdhamini amewekeza kinyume cha hati mara mbili: biashara ya kwanza imepoteza shilingi milioni 6, ya pili imezalisha shilingi milioni 4. Ikiwa ni makosa mawili yaliyo mbalimbali, hatalipa tofauti ya milioni 2. Atalipa milioni 6 zote, na zile milioni 4 zitabaki kuwa mali ya udhamini.

Wadhamini wakiwa wengi na wote wamekosea, wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Mnufaika anaweza kumdai mmoja deni lote, naye atafute mchango kwa wenzake. Utetezi kwamba "mimi nilimwachia mwenyekiti" una thamani ndogo. Katika shauri la Bahin dhidi ya Hughes la mwaka 1886, mdhamini mmoja aliendesha kila kitu na kuwekeza pauni 2,000 mahali pasiporuhusiwa, huku wenzake wakikaa kimya. Walipoomba yeye peke yake aubebe mzigo, Mahakama ya Rufani ilikataa, kwa kuwa ukimya wao nao ulikuwa kosa. Somo hili linawahusu wajumbe wengi wa bodi wanaosaini hundi na mihtasari bila kuisoma.

Usajili wa bodi nao usichukuliwe kuwa ngao ya mjumbe. Bodi ndiyo inayomiliki mali, lakini mjumbe aliyeifuja anabaki kujibu kwa vitendo na uzembe wake mwenyewe.

Mbali na fidia, mahakama inaweza kumwondoa mdhamini, kumzuia asiuze mali, na kumwamuru atoe hesabu. Aliyegeuza mali ya udhamini kuwa yake kwa nia ya kudanganya anaweza pia kushitakiwa kwa kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16.

Mali ikishahamishwa

Mnufaika halazimiki kukata tamaa anapoambiwa kwamba mali imeshatoka mikononi mwa mdhamini. Sheria inamruhusu kuifuata. Katika shauri la Hallett la mwaka 1880, wakili alichanganya fedha za udhamini na zake katika akaunti moja ya benki. Mahakama ilichukulia kwamba alianza kutumia fedha zake mwenyewe, na zilizobaki zikahesabiwa kuwa za udhamini. Fedha zikigeuzwa kuwa gari au nyumba, mnufaika anaweza kuidai mali hiyo mpya.

Aliyepokea mali akijua imetoka kwa ukiukaji, au aliyemsaidia mdhamini asiye mwaminifu huku akijua, naye anawajibika. Haki ya kufuatilia hukoma mali inapofika kwa mnunuzi aliyelipa thamani kwa nia njema bila kufahamu chochote kuhusu udhamini. Kwa sababu hiyo, kuchelewa kuchukua hatua kunaweza kumgharimu mnufaika mali yenyewe, akabaki na dai la fedha tu.

Utetezi wa mdhamini

Sheria haikusudii kumwadhibu mdhamini mwaminifu. Mnufaika mtu mzima aliyeridhia kitendo kwa hiari, akiwa na taarifa zote, hawezi baadaye kukilalamikia. Na aliyemshawishi mdhamini akosee, sehemu yake ya mali inaweza kutumika kufidia wengine. Hati inaweza kumpunguzia mdhamini uwajibikaji kwa makosa fulani, lakini haiwezi kumkinga kwa kukosa uaminifu. Tangu mwaka 1896 sheria ya Uingereza iliipa mahakama uwezo wa kumsamehe mdhamini aliyetenda kwa uaminifu na kwa busara, na ambaye kwa haki anastahili kusamehewa. Masharti yote matatu lazima yawepo. Uaminifu peke yake hautoshi.

Mnufaika afanye nini?

Anayehofia kwamba mali inatumiwa vibaya aanze kwa kuomba hesabu na nakala ya hati kwa maandishi, na ahifadhi nakala ya barua yake. Kwa bodi iliyosajiliwa, anaweza kufika RITA kuthibitisha wajumbe wanaotambulika na kuwasilisha malalamiko. Penye dalili za kuuzwa kwa mali, aende mahakamani mapema kuomba zuio. Madai yana ukomo wa muda kisheria, hivyo ushauri utafutwe bila kusubiri. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Na anayeombwa kuwa mdhamini, iwe kwa watoto wa ndugu yake au katika bodi ya jumuiya yake, asome hati kabla ya kukubali, ahudhurie vikao, na atunze risiti tangu siku ya kwanza. Udhamini wa watoto unaweza kudumu miaka 15 au zaidi. Siku watakapokuwa watu wazima na kuuliza mali ya wazazi wao ilikwenda wapi, jibu linapaswa kuwa tayari limeandikwa.